Ugeni wa Jina Ukae Katika Neno, Usikae Katika Herufi

Swali: "Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, Tanga, na Mungu akijalia nitajifungua mtoto wa kike masika haya. Kwetu ni Bagamoyo, na mume wangu ni Mbondei wa Muheza. Sisi ni Waislamu, ingawa upande wake wapo Wakristo wengi. Shuleni tulikuwa wasichana wanne wenye jina moja darasani, nikaitwa 'yule wa nyuma' mpaka namaliza la saba, na sipendi mwanangu apitie hayo. Lakini dada yangu alimwita binti yake Jhaylynn, na kila akimpeleka kliniki manesi humwita kwa namna mpya. Sisi tumefikiria Xaynah, Thurayya au Hiba. Mama mkwe anataka Mwanamvua, jina la marehemu mama yake, nami naliona la kizee. Tutapataje jina ambalo si la kila mtu, ila kila mtu aweze kulitamka?"

Marahaba, mwanangu. Nakuombea ujifungue salama salimini, wewe na mwanao.

Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu limegusa kosa ambalo nimeliona likirudiwa kwa miaka mingi niliyofundisha matamshi ya Kiswahili: wazazi hutaka jina adimu, wakaishia kupata jina gumu, wakidhani kwamba mambo hayo mawili hayaachani. Yanaachana kabisa. Uadimu wa jina hutokana na neno ulilolichagua, yaani ni watu wangapi wengine wamelichagua. Ugumu wake hutokana na sauti na herufi zilizolijenga. Waweza kuwa na jina ambalo mtaa mzima hakuna mwingine mwenye nalo, na mtoto wa darasa la pili akalisoma bila kusita. Kwa hiyo ushauri wangu wote utazunguka jambo moja: utafute ugeni katika neno, na herufi uziache zibaki zile ambazo mwanao atafundishwa siku ya kwanza ya shule.

Nianze na mdomo, kwa kuwa huo ndio utakaomwita mtoto. Kiswahili hupenda silabi inayoishia na irabu: ba, ke, tu, nya, mwi. Nje ya hizo kuna m na n zinazoweza kusimama zenyewe, kama katika mtu na nchi, na kuna maneno ya kukopa kama daftari na sultani, ambayo konsonanti zake zimegusana katikati lakini mwisho wake umefungwa kwa irabu vilevile. Tena mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Jina la kigeni likifika pwani, ulimi hulishika na kulitengeneza upya kwa kanuni hizo, wala haumwombi mwenyewe ruhusa. Rashid akawa Rashidi, Zaynab akawa Zainabu, Ruqayya akawa Rukia, Sulayman akawa Selemani, Uthman akawa Athumani. Hata mkazo huhama: Mwarabu hukaza silabi ya kwanza ya Yusuf, nasi tulipoongeza irabu mwishoni tukapata Yusufu, mkazo ukasogea kwenye su. Kwa Wakristo ilikuwa hivyohivyo, tukapata Petro, Yakobo na Mariamu. Wazee waliopokea majina hayo hawakuona kwamba wameyaharibu, waliyapa uraia.

Sasa litazame jina la mtoto wa dada yako. Jhaylynn lina jh, ambayo kwetu haina sauti. Lina y inayosomwa kwa namna mbili ndani ya jina lilelile. Nalo linakatika ghafla kwenye nn bila irabu. Mswahili akiliona atafanya kazi ambayo wazee walifanya kwa Rashid, lakini kila mmoja ataifanya kivyake, kwa sababu jina hili halijapita katika vinywa vingi likakubaliwa umbo moja. Nesi mmoja atasema Jailini, mwingine Jelini, wa tatu Jaiyani. Msiwalaumu. Wameachiwa kazi ambayo mzazi angeimaliza nyumbani.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo wengi hulisahau. Tanga ni mji wa vinywa vingi. Tangu mkonge ulipoletwa mkoani humu mwaka 1893 na Richard Hindorf, mashamba yalivuta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea na kwingineko, na wengi wao hawakurudi makwao. Wajukuu wao ni majirani zako hapo Ngamiani. Ongeza walimu, manesi na askari wanaohamishiwa huku kutoka kila kona ya nchi. Wewe uliyelelewa Bagamoyo na mama mkwe wako mnaweza kutamka th, dh, gh na kh bila taabu, kwa kuwa mlizisikia madrasa na majumbani. Lakini mwalimu aliyekulia bara atasema selasini, zahabu na gali, na hivyohivyo Ridhiwani atakuwa Riziwani, Ghanima atakuwa Ganima. Khadija sina haja ya kumtaja, maana hata sisi wenyewe tumeshamfanya Hadija. Wapo pia wenzetu ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi l na r, hivyo Rehema atasikika Lehema, na jina lenye sauti zote mbili litawapa tabu maradufu. Na wapo wanaoimeza h mwanzoni mwa neno wakasema "abari", kisha wakaiweka mahali isipotakiwa wakasema "hasante".

Sikuambii uzikimbie sauti hizo zote. Ukizikimbia utabaki na majina machache mno, na tena zile th na dh ni mali ya pwani ambayo sipendi kuiona ikitupwa. Ninachokuomba ni kulipima jina kwa mdomo mzito kuliko yote mtakayokutana nayo, kisha ujiulize: likiisha kubadilishwa hivyo, je, bado ni jina, na je, maana yake bado ni njema? Hapo ndipo majina yako matatu yanapoachana.

Thurayya litakuwa Suraya. Limepungua kidogo, lakini limebaki jina, tena zuri, na mtoto akiitwa hivyo ataitika bila kuona haya. Hiba ni neno lenye maana nzuri sana, zawadi itolewayo kwa mapenzi, lakini kwa mdomo unaomeza h litakuwa "iba". Mwanangu, mfikirie mtoto wa miaka saba anayeitwa hivyo uwanjani, siku ambayo penseli ya mwenzake imepotea. Kama moyo wako uko kwenye maana ya zawadi, Kiswahili kina maneno mengine ya kukupa, nami nitayafikia.

Xaynah ndilo ninalokusihi uliache. Alfabeti tunayofundishia shuleni haina X wala Q, na C haisimami bila H. Mtoto atakapojifunza kusoma, jina lake mwenyewe litakuwa neno la kwanza lisilofuata kanuni anazofundishwa. Wengine watasoma "Ksaina", wengine "Zaina", wengine "Shaina". Ile h ya mwisho haitamkwi na yeyote, hivyo karani mmoja ataiandika na mwingine ataiacha. Ukiliondolea mapambo, kilichobaki ni Zaina, jina ambalo pwani yetu inalijua tangu zamani. Maana yake ni kwamba ugeni wote ulikuwa katika maandishi, na katika kuita, ambako ndiko jina linakoishi, hapakuwa na ugeni wowote. Hali ni ileile kwa wanaoandika Nassra kwa s mbili au Haniffa kwa f mbili ili kumtofautisha mtoto. Sikio halioni herufi zilizorudiwa. Nitaje na ng', ingawa haipo katika orodha yako: ni sauti yetu wenyewe, lakini fomu nyingi za kompyuta huukataa ule mkato wa juu, na mkato ukipotea sauti nyingine kabisa huzaliwa.

Kwa kuwa ninyi ni Waislamu, niingize hapa tahadhari ambayo si ya matamshi peke yake. Kiarabu kina herufi nyingi ambazo maandishi yetu huzikusanya pamoja, na majina mawili yenye maana zinazopingana yanaweza kufika kwetu yakiwa na sura moja. Mfano ulio wazi ni Asiya. Yupo Asiya mke wa Firauni, mwanamke anayeheshimiwa sana katika Uislamu. Na lipo neno jingine la Kiarabu, linaloandikwa kwa ain na sad, ambalo maana yake ni mwanamke muasi. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume alilibadilisha jina hilo kwa binti wa Umar akamwita Jamila. Kwa herufi zetu yote mawili ni A, s, i, y, a. Halikadhalika Halima, aliye mpole, na Alima, mwenye elimu, hukutana kinywani mwa asiyetamka h, ijapokuwa hapo hakuna hasara kwa kuwa maana zote mbili ni njema. Basi ukiliona jina la Kiarabu lililokuvutia mahali popote, mwombe shehe au mwalimu wa madrasa akuandikie kwa herufi zake za asili kabla hujalipenda mno.

Tuje sasa kwenye kutafuta, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu nina hakika kwamba mnachokitafuta kimo ndani ya lugha yenu.

Mlango wa kwanza ni maneno ya Kiswahili ambayo yana maana nzuri lakini wachache wamewahi kuyafanya majina. Pwani ina desturi ndefu ya jambo hili: Zawadi, Bahati, Subira, Riziki, Neema na Maua yalikuwa maneno ya kawaida kabla hayajawa watu. Mshairi wa Pate wa karne ya 19 aliitwa Mwana Kupona, yaani kitenzi kizima kilifanywa jina la mwanamke, na binti aliyemtungia utenzi wake aliitwa Mwana Hashima. Suluhu, neno la kupatanisha waliogombana, ni jina la baba wa Rais Samia Suluhu Hassan. Halikuwa jina la kila nyumba, na hata hivyo sijamsikia Mtanzania aliyeshindwa kulitamka. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alimpa mhusika wake mmoja jina la Utubora kwa kuunganisha maneno mawili ambayo kila mtu anayajua. Huo ndio ufundi ninaokuambia: vipande vyote ni vya nyumbani, na jina ni jipya.

Kwa maana ya zawadi, ambayo umeitafuta katika Hiba, lipo Tunu. Ni kitu cha thamani kinachotolewa au kuhifadhiwa kwa upendo. Lina silabi mbili, halina sauti hata moja inayobadilika kwa mdomo wa Mha, Mngoni, Mdigo au Mbondei, na ingawa pwani wapo wanaoitwa hivyo, si wengi kiasi cha kujaza dawati. Lipo pia Adia, lenye maana hiyohiyo ya zawadi, ambalo vijana wengi hawalijui tena. Hilo ningelifurahia kuliona likirudi. Shani ni jambo adimu lenye kuvutia, ila uwaulize wazee wa nyumbani, kwa kuwa kwa baadhi yao neno hilo lina kivuli cha tukio la kushtukiza.

Katika maua lipo Asumini. Yasmini linajulikana na linazidi kuenea, lakini Asumini, umbo ambalo Waswahili walilipa ua hilohilo wanaloliweka kwenye kikuba na kulitunga kwa ajili ya maharusi, ni nadra kulisikia kama jina la mtoto. Huo ni mfano mzuri wa neno lenye ugeni na wepesi kwa pamoja: a-su-mi-ni, kila silabi wazi, mkazo mahali pake. Kilua ni ua jingine lenye harufu nzuri, lakini kwa mdomo unaogeuza l kuwa r litakuwa Kirua, na watu watadhani mtoto anatoka huko Kilimanjaro. Katika vito kuna Lulu, ambalo limeshakuwa la wengi, na Johari, na Zumaridi ambalo ni refu kidogo. Marijani nimelizoea zaidi kwa wanaume.

Kama mnapenda Thurayya kwa sababu ya maana yake, niwaambie jambo ambalo pengine hamjalisikia. Thurayya ni kundi la nyota, na kundi hilohilo Waswahili waliliita Kilimia, kwa kuwa wakulima walilitumia kujua majira ya kulima. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kundi hilo hutoweka katika anga ya jioni masika yanapoelekea mwisho, karibu na wakati unaomtarajia mwanao. Sisemi mumwite Kilimia, kwa sababu ile ki- ya mwanzo huweza kusikika kama ya udogo, na si kila mtu ataipenda; lakini mkimwita Thuraya, kwa y moja na bila mapambo, mtakuwa na hadithi ya kumsimulia akiuliza jina lake limetoka wapi.

Huenda ukaogopa kwamba jina lililo neno la kawaida litamletea mtoto mzaha. Hofu hiyo ina msingi, ila Kiswahili chenyewe kimeweka kinga. Tunasema "bahati imekuja" tukizungumzia jambo, na "Bahati amekuja" tukimzungumzia mtu. Upatanisho wa sarufi humtenga mtu na neno kila mara kitenzi kinapotamkwa, hata kwa mtoto ambaye hajui sarufi ni nini. Mahali ambapo kinga hiyo haitoshi ni kwa maneno yenye uchungu. Shida, Tabu na Mashaka yalitolewa na wazazi waliokuwa wakieleza hali waliyopitia, na Mtumwa na Kijakazi yalikuwa na sababu zake za kale. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, aliitwa Mtumwa utotoni. Dunia inamkumbuka kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilolipata baadaye. Jina kama lile la Mtumwa msimpe mtoto, hata kama ni rahisi kutamka.

Mlango wa pili ni majina yaliyolala, na hapa namjibu mama mkwe wako, kwa sababu nafikiri ametoa jibu ambalo wewe umelipita kwa haraka. Umesema Mwanamvua ni la kizee. Hebu jiulize ni watoto wangapi wachanga wa Ngamiani, Chumbageni au Makorora unaowajua wanaoitwa hivyo leo. Jina huitwa la kizee pale ambapo walionalo ni wazee tu. Maana yake kwa kizazi cha mwanao ni jina adimu, nanyi hamkulazimika kulibuni. Majina hulala kizazi kimoja au viwili, kisha wajukuu huyaamsha, na anayeamsha mapema ndiye anayepata upekee.

Tulichambue kwa kipimo kilekile. Mwa-na-mvu-a: silabi nne, zote wazi, mkazo kwenye mvu. Hakuna r wala l, hakuna th wala gh. Mtoto wa darasa la pili atalisoma. Maana yake inafaa majira ya kuzaliwa kwake, na mvua kwa watu wa Muheza wanaotegemea mashamba ni habari njema. Tena hilo Mwana la mwanzo halina maana ya mtoto peke yake. Katika majina ya wanawake wa pwani lilikuwa neno la heshima, kama tulivyoona kwa Mwana Kupona, na ndilo lililozaa Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwanaheri na, kwa kufupishwa, Mwajuma. Ni kiungo ambacho bado kinaweza kuzaa: mtu akitaka Mwanatunu au Mwananuru, lugha haitamkatalia, na msikilizaji atajua mara moja kwamba ni jina la mwanamke wa pwani.

Lina kasoro yake, nami sitaificha. Ni refu, na Waswahili hukata majina marefu yakabaki silabi mbili. Abdallah huwa Dula, Ramadhani huwa Rama, Selemani huwa Sele, Hadija huwa Dija. Usichague jina bila kufikiria mkato wake, kwa sababu huo ndio utakaosikika uani na shuleni kwa miaka 15 ya mwanzo. Mwanamvua atakuwa Mwana, ambalo ni zuri, au Mvua, na watoto wenzake watamwambia ameleta matope. Ukiona mzaha huo ni mdogo, na mimi naona ni mdogo, basi usiuogope. Ukiona ni mzito, anzeni wenyewe kumwita Mwana tangu siku ya kwanza. Mkato unaotoka nyumbani kwa kawaida hutangulia ule wa mitaani.

Kuna na jambo la adabu. Bibi huyo ni mama wa mama mkwe wako, na najua katika familia nyingi zetu mke huona uzito kutamka jina la mkwe, sembuse kulitumia kumkaripia mtoto. Ndiyo maana mtoto aliyepewa jina la mkwe huitwa na mama yake "bibi" au "mama", na jina lenyewe hukaa kwa ajili ya baba na wengine. Ukilikubali, zungumza na mama mkwe mapema juu ya namna utakavyomwita mwanao. Ataipokea kama heshima, na huenda mkawa mmepata mkato mzuri kuliko wote.

Upande wa Wakristo wa Muheza nitasema kidogo tu, kwa kuwa hukuuliza. Biblia ya Kiswahili ina majina yaliyokwisha kutengenezwa kwa ulimi wetu na ambayo ni nadra kutumiwa, kama Sipora na Ketura. Jamaa wa mume wako wakiomba ushauri wa namna hii, waelekeze huko.

Mkibakiwa na majina mawili au matatu, yajaribuni kabla ya kuamua. Kwanza liandike jina kwenye karatasi, umpe mtoto wa jirani anayejifunza kusoma, usimsaidie. Akisita, umeona mahali ambapo kila mtu atasita. Pili, mpigie simu ndugu aliye mbali, mwambie jina mara moja tu, umwombe akutumie ujumbe aliouandika kwa alivyosikia. Jina lililo imara litarudi kama lilivyoondoka. Lile la Xaynah halitarudi hivyo hata mara moja kati ya kumi. Tatu, simama uani ulipaze kama unayemwita mtoto aliyekwenda dukani na amechelewa. Jina linaloishia na irabu a husafiri mbali bila kujitahidi, na utalihisi kifuani iwapo linakupa tabu. Mwisho, litamke pamoja na jina la baba na la babu, kwa kuwa ndivyo litakavyosomwa maisha yake yote, na wakati mwingine herufi ya mwisho ya jina moja humezwa na ya kwanza ya linalofuata.

Jambo la kumalizia ni la karatasi, nalo lina uzito kuliko linavyoonekana. Makarani wetu wana mazoea mawili yanayopingana, wapo wanaoongeza irabu ya mwisho na wapo wanaoiondoa, kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuwa Rashid kwenye cheti cha kuzaliwa na Rashidi kwenye cheti cha shule. Tofauti hiyo ya herufi moja huja kumgharimu atakapofika miaka 18 na kuomba kitambulisho cha NIDA, au atakapotaka pasipoti, au mkopo wa masomo. Hapo ataambiwa aende kwa wakili akaape kwamba watu hao wawili ni yeye. Kwa hiyo amueni umbo moja la maandishi wewe na mume wako kabla ya kujifungua. Liandikeni kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, ukiweke pamoja na kadi yako ya kliniki, na tangazo la kizazi likiandikwa hospitali, toa karatasi hiyo badala ya kulitaja jina kwa mdomo. Kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90. Siku mtakapokabidhiwa cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi, msiondoke dirishani kabla hamjasoma majina yote matatu herufi kwa herufi. Kosa linaloonekana hapo husahihishwa kwa urahisi kuliko litakaloonekana baada ya miaka.

Kama ungekuwa umeniuliza mimi ningechagua lipi, ningemwita Mwanamvua, na Tunu likawa jina la nyumbani. Mkishindwa kukubaliana, Thuraya kwa y moja ni chaguo la pili ambalo halitawatia aibu. Nisalimie mama mkwe.